Daktari Aliyepewa Ng'ombe

Daktari wetu alikuwa anapiga watu. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaomkumbuka siku hizi wanamsimulia kama malaika, na malaika hampigi mtu kwa mkongojo wa mgonjwa. Mimi nilikuwepo. Mchimbaji mmoja alikuja na panga mchana kweupe kummalizia mwenzake ambaye tayari tulikuwa naye mezani, utumbo nje, tumeufunika kwa kitambaa chenye maji ya chumvi. Daktari aliiacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akatoka na glovu zake zenye damu, akachukua mkongojo uliokuwa umeegemezwa mlangoni na kumtandika yule bwana kichwani mara mbili. Akarudi, akabadilisha glovu, akamaliza kushona. Kisha tukambeba yule aliyepigwa, tukamlaza kwenye meza ileile.

"Sista Bhoke," akaniambia huku akimshona paji la uso, "huyu mwandikie ameanguka."

Sista Bhoke ndiye mimi. Nilizaliwa Kenyamonta, nikaolewa upande wa Tarime, na kazi ya uuguzi niliifanya katika kituo kimoja cha afya si mbali na Kerende, tangu kilipokuwa na vyumba viwili na choo kimoja. Daktari nilifanya naye kazi miaka kumi na moja. Alikotoka na ukoo wake sivijui vizuri, na nilivyovijua havinihusu.

Niseme juu ya huko kuanguka. Utaratibu ulitaka mtu aliyejeruhiwa na mwenzake aje kwanza na fomu ya polisi ndipo atibiwe. Sasa mwambie mtu mwenye mshale begani akaeleze nani kampiga, naye anajua kwamba ataulizwa yeye mwenyewe alikuwa ameshika nini mkononi. Wengi waliona heri wakafie kwenye migomba ya ndugu zao. Daktari alilimaliza jambo hilo kwa namna yake: kila aliyekatwa, aliyechomwa, aliyepigwa nyundo, aliandikwa ameanguka. Ukisoma daftari letu la miaka ile utadhani Mungu alituumba watu wa Mara bila magoti. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza mbona watu wa huku wanaanguka hivi. Daktari akamjibu kwa upole, "Mheshimiwa, kuna mawe mengi."

Na mawe yalikuwepo kweli. Miaka ile dhahabu ilikuwa bado ya wachimbaji wadogo, kabla mashine kubwa hazijafika. Nyakunguru kulijaa mashimo tunayoyaita maduara, na kila duara lilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa wametoka kila mahali: Usukumani, kwa Wajaluo, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hata mikoa ambayo sisi tuliisikia redioni tu. Chini kule watu waliufuata mwamba popote ulipokwenda, na ikatokea siku nyundo ya kundi moja ikatoboa ukuta wa kundi jingine. Hapo hakuna salamu. Walipigana gizani wamepiga magoti, kwa nyundo na tindo, mahali ambapo mtu hana hata nafasi ya kugeuka akimbie. Walioletwa kwetu kutoka huko walikuwa na vichwa ambavyo sitavieleza. Juu ya ardhi nako kulikuwa na koo zenye visasi vyao, kulikuwa na wizi wa ng'ombe, na kulikuwa na pombe.

Katikati ya haya yote alisimama mtu mfupi, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi. Pasi ya mkaa aliishika mwenyewe kila asubuhi na hakumwachia mtu. Kiswahili chake kilikuwa cha kunyooka, cha tafadhali na samahani, nasi tulimcheka. Sisi Kiswahili tulikikuta shuleni, nyumbani tuna Kikurya chetu, na mtu akisema tafadhali tunadhani anaumwa. "Huyu daktari," mama mmoja aliniambia, "anamwomba mtu samahani halafu anamkata mguu!" Na tena alikuwa mwoga wa bata. Mtu aliyeingia katikati ya mapanga bila kufumba jicho alizunguka nyuma ya jiko kumkwepa bata dume wa mlinzi wetu, Mwita. Mwita alikuwa anafurahi sana kwa hilo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kucheka, na alimpenda Daktari kama mtu anavyompenda ndugu mdogo mwenye akili.

Daktari alikuwa na msemo wake, na aliusema kila alipoletewa mgeni kutoka mkoani aliyekuja kukitazama kituo: "Mjini mtu akikohoa anachagua daktari. Huku daktari anachagua nani afe." Wageni walitabasamu. Walidhani ni namna ya kusema.

Mimi nilimwona akichagua. Ilikuwa Jumamosi, tumeletewa watatu kwa mkupuo kutoka duara moja, na meza ni moja, na mikono ni miwili yake na miwili yangu. Alipita katikati yao akiwagusa shingo na kuwafungua macho. Kwa wa kwanza akasema, "Mezani." Kwa wa pili akasema, "Mfunge, asubiri." Wa tatu alikuwa kijana mwenye ndevu changa, kifua kimezama upande mmoja, anamtazama.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe pumzika kidogo, ndugu yangu," Daktari akamwambia. "Nakuja."

Hakwenda. Alikuwa anajua haendi, na yule kijana nadhani alijua pia. Tulipomaliza na wale wawili, wa tatu alikuwa ameshafunikwa. Daktari alivua glovu, akaja kuniuliza kama kuna chai. Nilimchukia siku ile, na nilijua kabisa kwamba alichofanya ndicho nilichotaka afanye.

Msije mkadhani hatukuletewa madaktari wengine. Tuliletewa. Wa kwanza alikuja na mkewe na vyombo vyao kwenye lori. Kabla godoro halijashushwa akapita njiani mtu mwenye mshale umeingia shavu hili ukatokea lile, anatembea taratibu, anakuja kwetu kwa miguu yake. Mke alipomwona alirudi ndani ya lori akafunga mlango. Mume alisimama nje akimbembeleza mpaka jua likawa kali, mwishowe naye akapanda. Wa pili alikaa. Alikaa sana, ila si kwetu: mwezi wa tatu alishikwa na homa ya dhahabu, akaingia ushirika wa duara, na ukimhitaji ulimtafuta kwenye vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe, amejaa unga wa mawe mpaka kope. Siku moja mama mwenye uchungu wa kuzaa alikufa huku tunamtafuta daktari huyo. Watu walitaka kumchoma moto, na Daktari wetu ndiye aliyemtorosha akiwa amelala chini ya magunia ya mihogo. Wa tatu alikuwa mwanamke, na huyo alikuwa daktari hasa. Lakini alikuwa na watoto wawili wa shule ya msingi, na shule yetu ilikuwa na darasa zima ambalo mwalimu wake yuko shimoni anatafuta mawe. Alivumilia mwaka. Alipoondoka alilia, nami nililia, na sikumlaumu.

Daktari aliyazungumza mambo hayo akiwa ananawa mikono. Alinawa polepole mpaka kwenye viwiko, na hapo ndipo mahubiri yake yalipotoka. "Hawakimbii mapanga, Sista. Mapanga hata mjini yapo. Wanakimbia kesho. Mke atafanya kazi gani? Mtoto atasoma wapi? Mimi mwenyewe nitasoma lini nikaongeze ujuzi? Daktari anatoka kwenye nyumba yenye vitabu, anasomea penye umeme, anaoa aliyesoma mwenzake, kisha unamwambia aviache vyote aje kushona watu wasiotaka kushonwa. Na nyinyi wenyeji, ambao mngekaa kwa sababu ni kwenu, watoto wenu wanaacha darasa la sita wanaenda duarani. Sasa nani atakuwa daktari wenu? Bata wa Mwita?"

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Na kuna jingine alilokuwa analisema kwa hasira zaidi. Mtu wetu akipata dhahabu, hata jino likimuuma, anavuka Sirari kwenda kutibiwa Kenya, au anapanda gari kwenda Mwanza. Hao ndio waliokuwa na sauti, na hawakuwa na haja nasi. Kituo kilibaki na wasio na kitu, na asiye na kitu akipiga kelele ni nani atamsikia?

Pamoja na mahubiri yote hayo, kila mwaka ulipokaribia kuisha, yeye mwenyewe aliandika barua ya kuomba uhamisho. Hilo watu hawalijui. Niliziona. Aliziandika kwa mwandiko mzuri, akazikunja, akaziweka kwenye droo chini ya nyuzi za kushonea, na huko zikakaa. Mimi kila Januari nilifungua droo ile kwa siri nikaikuta barua, nikamshukuru Mungu. Mwaka wa tisa nilifungua droo nikakuta bahasha, imeandikwa anwani, imebandikwa stempu.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya chumba kile. Sikufikiria habari ya afya ya umma wala maendeleo ya wilaya. Nilifikiria kwamba mtu huyu akiondoka, mlango wa upasuaji utafungwa, na watu wataendelea kuletwa vilevile, wametobolewa vilevile, na watakufa mikononi mwangu mmoja mmoja huku wananiita sista. Niliogopa hilo kuliko panga lolote nililowahi kuliona.

Basi nikaenda kwa Mzee Nyamhanga, mkubwa wa wazee wa kwetu, mtu mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Wazo lilikuwa langu. Nasema tena, lilikuwa langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona umekuja bila kuitwa?"

Nikamweleza. Akatafuta ugoro wake, akasema, "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka tisa, tumempa nini?"

"Hatujampa kitu, baba."

"Jembe ataliacha. Mtu hawezi kuacha ng'ombe. Asiye na ng'ombe ni mpita njia tu, hata akikaa miaka mia."

Wakaitisha ritongo, baraza la watu wote, na baraza likakubali kwa sauti moja. Daktari alipewa mitamba wanne. Alikataa mara tatu, kwa samahani nyingi, na Mzee Nyamhanga akamwambia kwamba kukataa ng'ombe wa baraza ni kuwatukana waliokufa na watakaozaliwa. Akawapokea. Mwita akajitolea kuwachunga mchana pamoja na wa kwake, kwa kuwa zamu yake ya ulinzi ilikuwa ya usiku.

Sikuwahi kumwona mtu mzima akibadilika vile. Wiki ya kwanza aliwatazama kwa mbali, ya pili aliwagusa, ya tatu alikuwa amewapa majina: Kwinini, Aspirini, Ayodini na Penisilini. Penisilini alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe puani, na Daktari alimbebea chumvi mfukoni mwa koti lake jeupe. Jioni alikuwa anasimama zizini na Mwita wakibishana juu ya kwato. Bahasha ile ilitoweka, na miaka miwili iliyofuata niliifungua droo nikakuta nyuzi tu. Nilijiona mwerevu.

Kosa langu ni kwamba nilisahau ninaishi wapi. Mtu asiye na ng'ombe kwetu ni mpita njia, ndiyo, lakini mpita njia havamiwi. Ukishapewa ng'ombe umepewa na adui zao. Na ng'ombe wakichukuliwa, mwenyewe hawezi kukaa ndani akisoma kitabu.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tulikuwa tunawapima watoto uzito. Mwano ukapigwa kutoka upande wa mtoni, ile sauti ya kuitana ambayo ikianza kilima kimoja inadakwa na kingine, na wanaume wote wakaacha walichoshika wakakimbia na silaha. Kabla hatujamaliza kuwaondoa kina mama, wakamleta Mwita juu ya mlango uliong'olewa. Mshale ulikuwa umeingia chini ya taya. Alikuwa hai. Alimtazama Daktari akataka kusema kitu, damu ikatoka badala ya maneno. Daktari alimwingiza vidole shingoni, akautafuta mshipa, akaupata, ukamteleza, akautafuta tena. Alikuwa anamsemesha wakati wote: "Mwita, nitazame. Mwita, tafadhali." Damu ilitufikia viatuni. Mwita alikufa vidole vya Daktari vikiwa bado ndani yake.

Mke wa Mwita alikuwa ameanza kulia pale nje tuliposikia kelele nyingine. Kundi la watu kama sitini liliingia uani. Walikuwa wamewarudisha mitamba watatu. Penisilini alikuwa amekatwa miguu na wezi njiani ili wenyewe wasimpate mzima. Na walikuwa na mwizi mmoja. Wamemfunga mikono nyuma kwa kamba ya ng'ombe, amevuliwa shati, ana miaka ishirini labda, jicho moja limeshafumba. Nilijua kitakachofuata. Nilishangaa tu kwa nini wamemleta akiwa anatembea.

Mzee Nyamhanga ndiye aliyeeleza. "Daktari. Ng'ombe ni zako, na aliyekufa alikuwa anachunga kwako. Huyu ni wako kwanza. Mwenye mali akishakata, sisi wengine tunafuata. Hiyo ndiyo desturi."

Kijana mmoja akampa Daktari panga, ameshika bapa, mpini umemwelekea Daktari.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa tutaanza bila wewe."

"Na nikimkata, nikasema imetosha?"

Mzee alifikiri. Watu walikuwa wanapiga kelele: Kata, mura! Kata, mwanamume! "Mwenye mali akisema ameridhika," mzee akasema, "mambo yamekwisha. Ng'ombe si zetu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika taulo. Nilielewa anachotaka kufanya, kwa sababu nilimwona akilitazama paja la yule kijana kama alivyokuwa anawatazama watu mezani. Alitaka mahali penye nyama nyingi, mbali na mshipa mkubwa, patakapotoa damu ya kutosha kuwashibisha watu sitini na kumwachia mtu uhai wake. Hakuna mwingine pale aliyejua mahali hapo isipokuwa sisi wawili.

Kisha mke wa Mwita akapiga ukelele kutoka mlangoni, akimwita mumewe kwa jina. Uso wa Daktari ukabadilika. Mimi nimeishi na watu wenye mapanga maisha yangu yote, na uso ule naujua. Aliinua mkono akakata, na lile pigo halikuwa la daktari. Panga liliingia pajani mpaka likagonga mfupa, akalazimika kulitikisa kulitoa. Yule kijana hakulia. Alifungua mdomo tu akaanguka.

"Nimeridhika!" Daktari akapiga kelele. "Nimeridhika! Nimeridhika!" Alisema mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mpaka watu wakanyamaza. Akatupa panga. "Sista, mwingize ndani."

Nje wanawake walipiga vigelegele. Wazee walimpigia kelele za sifa, wakamwita kwa jina la ukoo wetu. Wakati huo yeye alikuwa ndani, magoti yake kwenye damu ya Mwita, anamshona mtu aliyemkata mwenyewe. Alishona kwa saa tatu, tabaka kwa tabaka, vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akishona. Alipomaliza akanawa mikono, na siku hiyo hakuhubiri.

"Nilikusudia nyama tu," akasema mwishowe. "Mkono ukapita."

"Umemwokoa, Daktari. Wangemkatakata."

"Mkono haukupita, Sista. Niliupitisha."

Siku ya nne aliondoka na gari la kwanza la asubuhi. Ng'ombe alimwachia mjane wa Mwita. Mimi aliniachia karatasi mbili zimejaa mwandiko wake: dawa gani, saa ngapi, bandeji ibadilishwe vipi, dalili gani nizitazame. Nilimsihi mpaka nikapiga magoti mbele ya dereva na abiria. Aliniinua, akasema, "Samahani, Sista," akapanda.

Nilifuata karatasi zile neno kwa neno. Siku ya saba mguu ulianza kunuka, ngozi ikawa nyeusi, na dalili zote alizoziandika zilikuja moja baada ya nyingine kwa mpangilio uleule. Mwisho wa karatasi ya pili alikuwa ameandika: Ikifika hapa, ukatwe mguu. Nani aukate? Hakuna mwenye gari aliyekubali kumbeba mwizi mpaka Tarime. Mmoja aliniambia wazi kwamba ataupakia mzoga kabla hajampakia yule. Kijana alikuwa na homa, anaweweseka, na akipata fahamu aliuliza jambo moja. "Yule aliyenikata yuko wapi? Mwite anitazame."

"Anakuja," nikamwambia. Siku ya tisa akafa. Mama yake alivuka mto peke yake kuja kumchukua.

Yule kijana hakuuawa na panga. Aliuawa na mtu kuondoka. Maneno hayo niliyabeba miaka saba, nikiyanoa. Katika miaka hiyo mashine kubwa zilikuja, barabara ikachongwa, tukajengewa chumba kipya cha upasuaji, na bado waliokuja walikaa wiki, mwezi, wakaondoka. Ndipo wazee wakaandika barua. Daktari arudi, hata kwa mkataba wa miaka miwili, hata awe anakaa kitini na kuwafundisha vijana. Nikatumwa mimi.

Nilimpata Mwanza, ghorofani, katika ofisi ya watu wanaouza dawa kwa jumla. Alikuwa anakagua karatasi. Hakuna mgonjwa aliyekuwa anapanda ngazi zile. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita, na aliposimama kunisalimia alijishikilia mezani.

"Sista Bhoke! Karibu, karibu. Tafadhali kaa."

Aliletewa chai akanimiminia, na nikaona kwa nini hakuna mgonjwa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Chai ilimwagika kwenye kisahani, akajifanya hajaona. Nikampa barua. Aliiweka mbele yake bila kuifungua.

"Kabla sijasoma," akasema. "Yule kijana. Alipona?"

Nilikuwa nimeyasema yale maneno ndani ya basi njia nzima. Nilikuwa nayo mdomoni. Na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikimwambia kweli angerudi. Angerudi kulipa, angekaa kwetu mpaka afe, mikono hiyohiyo inayotetemeka ingewafundisha vijana mahali pa kushika mshipa. Nilichotakiwa ni kufungua mdomo tu. Nikamtazama, jinsi alivyokishika kikombe kwa mikono miwili akisubiri.

"Alipona," nikasema.

"Mguu?"

"Anachechemea kidogo. Ameoa."

Daktari alifunika uso. Mabega yalimtikisika kwa muda mrefu, nami nikawa natazama dirishani kwa sababu sikujua pa kutazama. Alipoondoa mikono alikuwa anacheka na machozi yanatoka. "Na nyuzi nani alizitoa?"

"Mimi."

"Unaona!" Alikuwa na furaha ya kweli, sijawahi kumwona nayo. "Unaona, Sista? Wewe peke yako, na karatasi mbili. Nilijua mtaweza bila mimi." Ndipo akafungua barua, akaisoma yote, akaikunja vizuri akanirudishia. Alisema nimwombee radhi kwa wazee, yeye amechoka, na moyo wake sasa umetulia. Alinisindikiza mpaka chini ya ngazi, jambo ambalo nadhani lilimchosha.

Mzee Nyamhanga alikuwa ananisubiri kituoni niliposhuka kwenye gari, amekaa kwenye benchi la wagonjwa na fimbo yake, yeye na wengine wawili. Nilimwamkia.

"Anakuja?"

"Haji, baba."

"Ulimwambia yule mtoto wa watu alikufa?"

"Nilimwambia alipona."

Wazee wakatazamana. Mzee Nyamhanga alinitazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa.

"Sasa kama alipona, mwanangu," akasema, "aje kufanya nini huku?"

Niliweka mfuko wangu kwenye benchi, nikaingia. Ndani kulikuwa na mtu amelala mezani, kitambaa kimelowa, na ndugu zake wananiita.